Wakata majani wa Kigoma na Tabora: mvua zikianza, tuangalie udongo kabla ya majani

Fyekeo Kali (Kigoma, Mwanga)

Habari za jioni wakuu.

Humu kuna nyuzi za ufugaji wa kuku, za ufuta, za tumbaku, za kujenga kwa awamu. Sisi tunaokula kwa mashine ya kukatia majani hatuna hata mmoja. Nauanzisha huu kwa sababu msimu ndio huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wao hutangaza mvua za Msimu kwa Novemba hadi Aprili, ingawa huku kwetu ziwani Oktoba mara nyingi tayari tumeshalowa. Miezi hiyo ndiyo yenye hela, kwa sababu Juni hadi Septemba majani yanakaa tu, hayaongezeki. Na ndiyo miezi tunayoharibu viwanja vya watu.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema: jani kulowa si sababu ya kuacha kazi. Udongo kulowa ndiyo sababu. Wengi wetu tunafanya kinyume. Umande wa asubuhi unatufanya tukae kibarazani tukisubiri, halafu mvua ya usiku kucha ikikatika saa tatu na jua likatoka saa nne, tunaona juu pamekauka tunasukuma mashine. Juu pamekauka, chini ni uji.

Kipimo changu hakihitaji kifaa. Ingia katikati ya uwanja, mbali na ukingo na njia, weka uzito wote kwenye kisigino kimoja kisha ujizungushe. Inua mguu. Ukiona maji yanajikusanya kwenye alama, au udongo umeondoka na soli, mashine ya magurudumu haiingii hapo leo. Ukiona jani limelala tu na chini pagumu, piga kazi hata kama buti zako zinameta maji.

Sasa kwa nini naling'ang'ania hili. Udongo una vitundu, na ndani ya vitundu kuna hewa ambayo mizizi inaitumia. Ukiwa mkavu unabeba uzito wa mashine na wako bila shida. Ukishiba maji hauna nguvu tena. Gurudumu likipita vitundu vinafungwa na hewa inatoka, wala havifunguki vyenyewe jua likirudi. Miteremko yetu hii ya udongo mwekundu, kuanzia Mlole hadi Bangwe, ina mfinyanzi wa kutosha kukauka ikawa kama tofali. Mizizi inabaki juujuu, na kiangazi kikifika ukoka unakuwa wa kwanza kuungua palepale ulipokuwa unageuzia mashine. Mwenye nyumba anaona ni jua la Julai. Ni gurudumu la Desemba.

Halafu kuna mifereji ya matairi. Mikoa yetu hii miwili malaria bado inatusumbua. Mmoja wa mbu wanaoieneza sana hapendi mtaro mkubwa wenye maji machafu kama wengi wanavyodhani. Anapenda vidimbwi vidogo vya maji ya mvua vilivyo wazi kwenye jua, alama ya kwato, alama ya tairi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili kwa joto letu. Kwa hiyo mteja anakuita ukate majani "yasilete mbu", wewe unaingia na udongo umelowa, unamwachia vidimbwi mstari kwa mstari. Hili mimi linaniuma kuliko kipara chochote cha ukoka.

Kuhusu jani lenyewe, ukikata limelowa kuna mambo ya kujua, si ya kuogopa. Jani lenye maji linalala, kisu kinapita juu yake, kesho likisimama unaona ngazi uwanja mzima. Kisu butu kinalichana badala ya kulikata, ncha inakuwa nyeupe kisha kahawia, na kwenye kidonda hicho ukungu unaingia kwa urahisi kwa sababu maji tayari yapo. Kwa hiyo wakati wa mvua kisu kinanolewa mara nyingi zaidi kuliko kiangazi. Pandisha mashine tundu moja au mawili juu ya kimo cha kawaida. Tembea polepole. Usijaze upana wote wa kisu, chukua nusu, urudi. Mabonge yanayodondoka yaparuzwe kwa reki siku hiyohiyo, maana yakikaa siku mbili chini yake panakuwa njano.

Na ile kanuni ya theluthi iheshimiwe zaidi sasa kuliko wakati wowote. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukitaka uwanja ukae sentimita 5, ufike kabla haujapita sentimita 7 na nusu. Mvua ikikuzuia ukakuta uko sentimita 12, shusha kwa awamu, siku chache zikipita unarudi. Kukata mara moja hadi chini ni kuliacha shina bila jani la kutengenezea chakula, na nafasi hiyo wa kwanza kuichukua ni magugu ya ndago.

Naomba wenzangu wa Kigoma, Kasulu, Tabora, Nzega, Urambo mje na uzoefu wenu. Nawasilisha.

Gungu Kwetu (Kigoma)

Naweka kambi. Mimi nina mashine ya begani tu, nategemea kununua ya kusukuma mwakani. Nitarudi na swali.

Mwembe wa Tabora (Tabora, Ipuli)

Mkuu Fyekeo, umeandika vizuri ila usituwekee sheria ya Kigoma sisi wa Tabora.

Sehemu kubwa ya mji wetu ni kichanga. Mvua ya saa moja ikikatika, nusu saa baadaye hiyo alama yako ya kisigino haina tone. Mimi nakata mchana huohuo bila wasiwasi na sijawahi kuona uwanja wa kichanga ukiharibika kwa hilo. Shida yetu sisi ni kinyume: maji yanapita haraka, yanaondoka na mbolea, ukoka unapauka hata katikati ya masika. Kwa hiyo mimi mabaki ya majani siyatoi yote, nayaacha yaliyokatika vizuri yaoze yarudishe kitu kwenye mchanga. Mabonge tu ndiyo nayaparuza.

Ila toka hapo shuka kwenye mbuga, ule udongo mweusi. Hapo nakubaliana na wewe na nazidi. Mbuga ikinywa maji haiuliziki. Kuna viwanja pembezoni mwa mji ambavyo wenyewe walijaza kifusi juu ya mbuga, kifusi kinaonekana kigumu, gurudumu linazama ghafla. Huko tangu Januari hadi Machi nakata kwa fyekeo la mkono au begani, mashine ya kusukuma naiacha nyumbani.

Jambo la pili ambalo wewe hukuligusa, pengine kwa sababu ya mwambao wenu. Huku kwetu mvua na maembe vinakuja pamoja. Novemba hadi Januari chini ya kila mwembe kuna maembe yaliyooza, yanateleza kuliko utope, na ndani yake kuna kokwa. Kisu cha mashine ya kusukuma kinazunguka kama mara 3000 kwa dakika. Kokwa ikipigwa na kitu hicho inatoka kama jiwe la manati. Kabla ya kuwasha chochote, vijana wangu wanapita na ndoo wanaokota maembe yote, mazima na mabovu. Watoto na kuku wanaondolewa. Kazi hiyo naihesabu kwenye bei.

Na nyuki. Tabora ni nchi ya asali, makundi yanatua popote, kwenye tundu la mti, kwenye paa, hata kwenye boksi la mita. Mlio wa injini unawachokoza. Zungukeni uwanja kwanza mkisikiliza kabla ya kuvuta kamba.

Fyekeo Kali

Mwembe, nimekuelewa na nashukuru. Ndiyo maana nilisema kipimo ni kisigino na si saa ngapi zimepita tangu mvua ikatike. Kichanga kikikupa ruhusa baada ya nusu saa, ruhusa ni ruhusa. Mfinyanzi wa Bangwe unaweza kukunyima siku mbili. Kipimo hichohicho, majibu tofauti.

La kokwa nalichukua kama lilivyo. Hata Ujiji tuna miembe ya kutosha.

Gungu Kwetu

Swali langu sasa. Nimepewa kazi ya uwanja wa nyumbani, harusi ni Jumamosi, watu watakaa humo kwenye mahema. Mvua imenyesha mfululizo. Majani yako usawa wa katikati ya goti na kifundo. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kusubiri. Uwanja una mteremko kuelekea ziwani. Nifanyeje na mashine yangu ya begani?

Fyekeo Kali

Mdogo wangu, kwa kazi hiyo mashine yako ni bora kuliko yangu, kwa sababu haina gurudumu. Uzito ni wewe na mashine tu.

Toa kisu cha chuma, funga kamba ya nailoni. Kwenye utelezi kisu cha chuma kikigonga jiwe au kisiki kinarudisha mkono kwa nguvu, na wewe huna pa kukita mguu. Kamba inasamehe. Kwa kuwa siku hazitoshi kufuata theluthi, anza leo kwa kushusha nusu tu ya urefu. Paruza yote, toa nje ya uwanja, upepo upite kwenye udongo. Keshokutwa shusha tena hadi kimo unachotaka, usiende chini sana. Watu wakikanyaga uwanja mfupi kwenye udongo uliolowa watauacha tope tupu kabla bibi harusi hajaingia. Waambie ukweli huo, jani refu kidogo ndilo litakalobeba wageni.

Mteremko: tembea kwa kukatiza, kulia kwenda kushoto, usipande na kushuka. Ukiteleza unaanguka pembeni ya mashine badala ya kuifuata. Mwenye mashine ya kusukuma ni hivyohivyo, anakatiza. Ile kubwa ya kukalia ndiyo inapanda na kushuka moja kwa moja kwa sababu ikikatiza inapinduka. Na kwenye mteremko uliolowa ile ya kukalia isiingie kabisa.

Vaa gambuti zenye meno. Nimeona vijana wanakata kwa kandambili mvua ikidondoka. Jamani, vidole havioti tena.

Na mwambie mwenye nyumba maturubai ya mahema yasilazwe juu ya majani tangu Alhamisi. Chini ya turubai lenye joto na unyevu ukoka unaiva kwa siku moja.

Gungu Kwetu

Nimeelewa kaka. Naanza kesho asubuhi nikipata upenyo. Asante sana.

Fundi Plagi (Kigoma, Ujiji)

Mimi sikati majani, natengeneza mashine zenu. Niwape upande wangu kwa sababu Desemba hadi Machi benchi langu linajaa na nyingi zinaletwa na ugonjwa uleule.

Kwanza ni maji kwenye petroli. Dumu mnaliacha nje, kifuniko kimelegea, au tenki liko nusu usiku wa baridi na unyevu unageuka matone ndani. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini, na bomba la mashine linanyonya chini. Mashine inawaka, inakohoa, inazima, mnavuta kamba mpaka inakatika, mnasema plagi. Si plagi. Fungua skrubu ya bakuli la kabureta, mwaga kilichomo kwenye kikombe cha glasi, mtaona matone ya maji chini. Tumia dumu safi la kufunga vizuri, likalishe bila kulitikisa kabla ya kumimina, na ule mkia wa mwisho usiumimine kwenye mashine. Wenye mashine za begani za kuchanganya petroli na oili, oili ya 2T ipimwe kwa chupa kama kitabu kinavyosema, kuna za 1 kwa 25 na kuna za 1 kwa 50. Kukadiria kwa macho kunaua pistoni.

Pili ni chujio la hewa. Lile la karatasi likilowa linavimba, injini inakosa pumzi, moshi mweusi. Halifuliwi, linabadilishwa. La sponji linafuliwa kwa sabuni, linakaushwa kabisa, linapakwa oili kidogo na kukamuliwa.

Tatu, na hii naomba muisome mara mbili. Majani mabichi yaliyolowa yanajaza sufuria ya chini ya mashine, lile bati linalofunika kisu, hadi kisu kinakwama. Mtu anainamisha mashine anaingiza mkono. Injini iliyokwama na kisu chenye mvutano, ukiling'oa bonge kisu kinaweza kuruka robo mzunguko, na kwa injini yenye moto robo hiyo inatosha kuiwasha. ZIMA, CHOMOA WAYA WA PLAGI, uusogeze mbali na plagi, ndipo uiname. Tumia kijiti, usitumie mkono. Ukiinamisha, upande wa kabureta na chujio uwe juu. Ukiulaza chini oili inaingia kwenye chujio na kwenye silinda, kesho unaniletea mashine inayotoa moshi mweupe.

Baada ya kazi parua sufuria yote kwa ubao au plastiki ngumu. Mabaki mabichi yanashika unyevu kwenye bati usiku kucha, mwisho bati linatoboka. Ukishaparua na kuifuta, rudisha waya, iache iungurume dakika chache ijikaushe.

Mwenye mashine ya umeme ya waya: mvua na umande si vyako. Subiri pakauke kabisa. Waya mrefu umelala kwenye majani yaliyolowa, kiungio kimefungwa kwa gundi ya karatasi, hilo si la kujadili.

Mwembe wa Tabora

Fundi umetoa darasa. Vipi kupaka kitu ndani ya sufuria majani yasigande? Kuna kijana aliniambia mafuta machafu ya gari.

Fundi Plagi

Mafuta machafu hapana kabisa. Yanadondoka uwanjani, yanaua majani mabaka mabaka na yanashuka kwenye visima. Mafuta ya kupikia ya maji, kiasi kidogo kwa kitambaa, yanasaidia kwa muda. Wenzetu wa hapa wamejaribu mawese, mawese yanaganda yakipoa na majani yanashikamana nayo zaidi. Ya alizeti yanafaa.

Mama Kibarazani (Kigoma)

Naomba na sisi wateja tuseme. Nina nyumba ya wageni, uwanja wa mbele ndio sura ya biashara yangu, wageni wanakunywa chai hapo wakiangalia ziwa. Mwaka fulani kijana alikuja asubuhi baada ya mvua kubwa, nikamwuliza "panafaa?", akasema panafaa. Alama za matairi nilikaa nazo hadi kiangazi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nilikuwa namlipa kwa kila mkato. Asipokata hali. Kwa hiyo jibu lake la "panafaa" lilikuwa limeshaamuliwa na tumbo kabla hajaukanyaga uwanja.

Sasa nauliza, kosa ni lake peke yake? Mteja kama mimi ukimlipa mtu kwa kila mkato unamlazimisha akate siku mbaya. Nilibadilisha, nalipa kwa mwezi, na tangu hapo anayenikatia ananiambia mwenyewe "mama leo tusiguse". Namwamini kwa sababu neno hilo halimpunguzii kitu.

Fyekeo Kali

Mama Kibarazani, shikamoo, na asante kwa kuja. Umesema jambo ambalo nilitaka kulifikia na umelisema vizuri kuliko ningelisema mimi.

Wadau, kipimo cha kisigino hakina faida kama jibu la "hapana" linakulaza na njaa. Malipo ya mkato mmoja mmoja ni ya kiangazi, au ya mtu anayekata mara moja kwa ajili ya shughuli. Msimu wa mvua nendeni kwenye mkataba wa mwezi, na uandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, pande zote zisaini. Mimi naandika kwa maneno ya kawaida: uwanja utatunzwa usipite kimo fulani, siku ya kukata ni fulani, lakini udongo ukiwa umelowa kazi itasogezwa hadi siku ya kwanza inayofaa, mkataji ndiye mwenye uamuzi wa kama panafaa, siku ambayo hapakatiki, mkataji atafanya kazi nyingine ya uwanja kwa muda uleule. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya mteja asione analipia usingizi.

Na kazi nyingine zipo tele, tena za mvua tu. Ndago inang'olewa vizuri udongo ukiwa laini, inatoka na viazi vyake. Kiangazi unakata shingo tu inaota tena. Kupandikiza ukoka kwenye vipara ni sasa, kipande chenye vifundo viwili au vitatu kinashika chenyewe bila mpira wa maji. Ukingo wa njia unakatwa kwa panga ukisimama kwenye saruji, hukanyagi uwanja. Mitaro inazibuliwa. Tazama maji yanasimama wapi mvua ikinyesha, piga picha, mwonyeshe mwenye nyumba; mara nyingi mfereji wa kina cha kiganja unaopeleka maji nje unaokoa uwanja wote. Kazi hiyo ya mfereji inalipwa peke yake.

Mambo ya bei sitaki tuyaweke hapa. Uwanja wa Gungu si uwanja wa Bangwe, na kuna watu watakamatana bei humu waharibu uzi.

Kijiko cha Udongo (Tabora, Cheyo)

Kwenye mkataba ongezeni kusafisha mashine kabla ya kuingia kwa mteja mwingine. Nilipoteza uwanja wa kapeti kwa ndago zilizokuja na mashine ya mtu. Mbegu na vipande vinagandana na majani yaliyolowa chini ya sufuria, vinadondoka kwako. Ukungu nao unasafiri hivyohivyo.

Fyekeo Kali

Nakuunga mkono. Uwanja wenye mabaka ya ukungu ukatwe wa mwisho siku hiyo.

Mstaafu wa Reli (Kigoma)

Vijana wangu, nimesoma wote. Mnazungumza udongo na injini, hakuna aliyegusa radi.

Mkoa huu una radi, kila mtu hapa anamjua aliyepigwa au mifugo iliyopigwa. Najua wengine wataanza habari ya radi za kutumwa. Mimi sibishani na imani ya mtu, ila hata anayeamini hivyo asisimame katikati ya uwanja ameshika bomba la chuma begani. Ukiona mwanga, hesabu. Ukisikia ngurumo kabla hujafika 30, acha mashine hapohapo uingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Usikimbilie chini ya mwembe. Baada ya ngurumo ya mwisho kaa ndani nusu saa, hata kama jua limetoka, kwa sababu wingu linaloondoka bado lina nguvu. Na wenye kuvaa vizibo vya masikio hamsikii ngurumo, kwa hiyo mmoja wenu awe anaangalia anga.

Mnaokata kwenye viwanja vikubwa vya wazi, vya shule, vya mpira, hili ni lenu zaidi.

Fyekeo Kali

Shikamoo mzee wangu. Hili nilistahili kuliweka mbele kabisa. Naliongeza kwenye mkataba wangu: mkataji anaweza kuacha kazi wakati wowote kwa sababu ya radi, na atarudi.

Gungu Kwetu

Marejesho. Nimemaliza awamu ya kwanza, nimeacha kama sentimita 12, nimeparuza yote. Nilikuta kifutu amejikunja chini ya majani karibu na ukuta. Kwa mvua hizi wanapanda juu kutafuta pakavu. Nilikuwa natanguliza fimbo ndefu, ndiyo iliyoniokoa. Tutangulize fimbo jamani, kifutu hakimbii kelele.

Mwembe wa Tabora

Pole sana mdogo wangu, na hongera. Hapo ukutani na kwenye vichuguu daima fimbo kwanza.

Fyekeo, swali langu la mwisho. Chini ya miembe mikubwa ukoka haushiki, panabaki kipara, mvua ikija panakuwa tope, na mteja anataka pakatwe kama kwingine. Nimempandia mara nyingi.

Fyekeo Kali

Ukoka unataka jua, Mwembe. Chini ya mwembe uliofunga hautashika hata ukiupandia kila mwaka, na pale ndipo panapochelewa kukauka kuliko pote, kwa hiyo kila ukipita na gurudumu unapaua upya. Jaribu nyasi za Pemba, zile za jani pana, zinavumilia kivuli. Zipandikize sasa, usizikate hadi zimefunga, halafu ziache ndefu, sentimita 6 au 7. Kwenye kivuli kizito kabisa usipande jani lolote. Zungushia mawe, tandaza majani makavu ya mwembe wenyewe. Mteja akiona pamepangwa hatakuuliza nyasi.

Mama Kibarazani

Na mimi la mwisho. Alama za matairi kama zile nilizoachiwa, na pale udongo unapogandamana, panapona au ndio basi?

Fyekeo Kali

Panapona mama, ila si sasa. Ukipatoboa leo ukiwa na tope unazidi kupagandamiza. Ngoja mwisho wa Machi au Aprili, siku udongo una unyevu lakini haushiki soli. Kijana achukue uma wa bustani, auzamishe kama sentimita 10, autikise kidogo, autoe, asogee kiganja kimoja, hivyo hivyo sehemu yote iliyogandamana. Kisha amwage mchanga wa mto uliochekechwa, aufagie uingie kwenye matundu. Mifereji ya matairi ijazwe mchanga uliochanganywa na udongo mzuri, kidogo kidogo, jani lisifunikwe lote. Mvua za mwisho zitamalizia kazi na ukoka utakuwa umetia mizizi kabla ya Juni. Kwa wiki mbili za baada ya hapo pakatwe kwa mashine ya begani tu.